Akaunti ya msimamizi iwe mikononi mwa mwenye kompyuta

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu ili niwasihi mafundi wa kompyuta wa Lubumbashi, pamoja na familia zinazowapelekea mashine zao, waache desturi moja inayotupotezea nyaraka bila sababu. Kompyuta nyingi za nyumbani hapa mjini zimenunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo; fundi huzifuta, huweka Windows ya Kifaransa, kisha huunda akaunti moja tu, yenye cheo cha msimamizi na isiyo na neno la siri. Akaunti hiyo hiyo baba huandikia barua, mwanafunzi huandalia kazi yake ya mwisho wa masomo, watoto huchezea, na mgeni huchomekea flashi yake.

Kwa hiyo kila anayeketi mbele ya skrini ana mamlaka ya kuzima kinga dhidi ya virusi na kubadili mipangilio ya wote. Katika Windows XP ya mwaka 2001 hilo lilikuwa jambo la kawaida, kwa kuwa mfumo wenyewe ulimpa cheo hicho mtu wa kwanza kuandikishwa. Tangu Windows Vista, toleo lililofuata XP na lililotolewa kwa umma Januari 2007, kompyuta humsimamisha hata msimamizi na kumwuliza kama anaruhusu programu fulani ifanye mabadiliko. Lakini msimamizi anatakiwa kubonyeza "Oui" (Ndiyo) tu, na wengi hubonyeza bila kusoma, ilhali mwenye akaunti ya kawaida hudaiwa neno la siri la msimamizi, na mtoto asiyelijua hukwama hapo mpaka amwite mkubwa. Sisemi kwamba akaunti ya kawaida huzuia kila baya, kwani virusi vinavyofunga nyaraka na kudai fidia vinaweza kuharibu za yule aliyevifungua. Hata hivyo, kwa kawaida haviwezi kuzigusa za watu wengine wa nyumba ile.

Linaloniuma zaidi ni jinsi matatizo ya ruhusa yanavyotatuliwa. Mwanafunzi mmoja, jirani yangu, mashine yake ilikataa kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi, na fundi akaichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Folda ilionekana, jina la kijana likasomeka, lakini kila ilipobonyezwa ilijibu "Accès refusé" (umekataliwa kuingia), naye akaambiwa kwamba nyaraka zimekufa na diski haina budi kufutwa. Hazikuwa zimekufa. Windows haimtambui mwenye folda kwa jina tunalolisoma, bali kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, ambayo akaunti hupewa siku inapoundwa; ukiunda akaunti nyingine yenye jina lile lile, namba itakuwa tofauti, na folda itamkataa mwenyewe. Ilitosha msimamizi wa kompyuta ile ya pili afungue "Propriétés" (sifa) za folda, aingie "Sécurité" (usalama) kisha "Avancé" (mipangilio ya ndani zaidi), na kumweka mmiliki mpya. Hayo yalipofanyika, kazi yote ya kijana ilipatikana. Isingepatikana kwa njia hiyo kama faili zingekuwa zimesimbwa chini ya akaunti ya zamani, maana hizo hazifunguki pasipo ufunguo wake.

Wapo pia mafundi wanaokwenda upande wa pili kabisa: mteja akilalamika kwamba amekataliwa folda moja, wao huandika "Tout le monde" (watu wote) na "Contrôle total" (mamlaka kamili) juu ya diski C nzima. Mteja hulipa akiwa ameridhika, kumbe faili za mfumo, ambazo Windows ilizikabidhi kwa TrustedInstaller, huduma yake ya ndani, ili hata msimamizi asizibadili ovyo, sasa ziko wazi kwa programu yoyote. Kuzirudisha ruhusa hizo kama zilivyokuwa ni kazi kubwa kiasi kwamba mara nyingi ni nafuu kuweka Windows upya.

Wengine nao huweka neno la siri la msimamizi na kuondoka nalo kichwani. Hakuna mwenye nyumba anayekubali fundi wa vitasa aondoke na funguo zote, na katika kompyuta nako tusikubali.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida, yaani masahihisho ya usalama, kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi tulizo nazo ni za umri huo. Ninachoomba si kigumu. Fundi anapomaliza kazi, aunde akaunti mbili, ya msimamizi na ya matumizi ya kila siku, na neno la siri aliandike mwenye kompyuta kwa mkono wake mwenyewe. Aliye na akaunti moja leo aunde ya pili yenye cheo cha msimamizi, ahakikishe inafunguka, ndipo aishushe ile ya zamani iwe ya kawaida; nyaraka zake zitabaki pale pale zilipokuwa.

Msomaji wenu,
Kampemba, Lubumbashi