Kibao cha uzito kwenye shelfu za chuma kisiaminiwe baada ya mihimili kuhamishwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenye maghala na stoo, hapa Uganda, kuanzia eneo la viwanda la Namanve hadi Jinja, jambo linalopuuzwa mno: uzito ulioandikwa kwenye kibao cha shelfu ya chuma ni wa mpangilio ule ule ilivyofungwa.

Shelfu hizi hupendwa kwa sababu mihimili yake, yaani vyuma vya kulala vinavyobeba mzigo kati ya nguzo, huchomolewa ikapachikwa juu au chini. Mali ndefu ikiingia, mtu wa stoo huondoa mhimili mmoja apate nafasi, kisha hupakia kilo zile zile. Hapo nguzo ndiyo inayoumia. Kazi ya mhimili si kubeba tu, huishika pia nguzo isipinde. Kwa hesabu za uhandisi, nguzo nyembamba ikiachwa wazi urefu maradufu hubakiwa na kama robo ya nguvu yake dhidi ya kupinda. Nayo haitoi onyo, hujikunja ghafla na kuvuta safu nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kuhamisha, hasa mhimili wa chini kabisa, mwombeni muuzaji jedwali la uzito kwa nafasi mpya. Shusheni mzigo wote, hamisheni, kisha badilisheni kibao. Asiye na jedwali asihamishe.

Kila ncha ya mhimili irudishiwe pini yake. Pini hizi ndogo hupotea sakafuni na hakuna anayejali, ilhali folklifti ikiinua paleti na kugusa mhimili wa juu kutoka chini, pini ndiyo pekee inayozuia kulabu za mhimili kuchomoka kwenye nguzo.

Kilo za kibao ni za mzigo uliotandazwa sawasawa, si injini moja iliyowekwa katikati. Mhimili wa mita 2.7 ukibonyea katikati zaidi ya milimita 13, umezidiwa.

Nguzo iliyogongwa na folklifti ipimwe kwa rula ya mita moja. Katika shelfu za paleti, ikiwa imepinda zaidi ya milimita 3 kuelekea ndani ya shelfu, au 5 kuelekea upande wa mihimili, mzigo ushushwe na nguzo ibadilishwe. Kuinyoosha kwa nyundo au moto, hata kwa fundi hodari wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala, hakurudishi nguvu yake. Waajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inawapa ninyi jukumu la usalama huu, si mtu wa stoo.

Mkaguzi wa maghala,
Kampala