Maji yaliganda ukutani, lakini tuko salama

Minneapolis, Marekani, Januari

Baba na Mama, shikamooni.

Mama, najua ulikosa usingizi baada ya kusikia kwamba huku maji yameganda ndani ya nyumba. Kweli yaliganda. Sasa yanatoka, nyumba ina joto, watoto wamerudi shule na hakuna aliyeumwa. Naandika kwa urefu kwa sababu kwenye simu mambo haya hayaelezeki.

Baridi ilishuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri. Shangazi alifanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara, mwulizeni: kile chumba cha samaki walioganda, ambacho mtu haingii bila koti zito, huwekwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Nje ya mlango wangu kulikuwa na baridi kuliko mle. Wenyeji wa huku wamezoea baridi, lakini hii hata wao iliwatia hofu.

Asubuhi nikafungua koki ya jikoni nipate maji ya chai. Ikatoa upepo, ikakohoa matone mawili matatu, ikakauka. Bafuni maji yalikuwa yanatoka kama kawaida, nikajua huu si mgao, maana mgao haubagui chumba. Nikafungua kabati la chini ya sinki, nikapapasa bomba hadi mwisho. Pale linapoingia ukutani lilikuwa limeota unga mweupe wa barafu, na kidole kilinata kidogo nilipokivuta.

Mdogo wangu fundi, nisome vizuri hapa. Huko Mwanza, mitaa ya Mabatini na Igogo, mabomba yanapita juu ya mawe, jua linayapiga mchana kutwa, na kazi yenu ni viungo vinavyovuja. Huku bomba la mtaa hufukiwa zaidi ya mita 2 ili baridi ya ardhini isilifikie. Hatari inaanza likishaingia ndani, hasa kwenye ukuta unaotazama nje. Sinki letu liko ukuta wa kaskazini, upepo unapenya nyuma ya kabati, na milango ya kabati ikifungwa usiku joto la nyumba halifiki pale.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Umeona chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Ila nimejifunza kwamba mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Barafu inaziba katikati kama kizibo, inaendelea kukua na kusukuma maji kuelekea koki. Koki ikiwa imefungwa, maji yale hayana pa kwenda, presha inapanda, na bomba linapasuka popote lilipo dhaifu. Ndiyo maana usiku wa baridi kali watu huacha koki ikidondosha maji kidogo kidogo: hata barafu ikijitengeneza, presha inapata njia.

Mwenye nyumba alinielekeza kwa simu. Kwanza nijue koki kuu ilipo. Yetu iko chumba cha chini, kando ya mita. Kisha niache koki ya jikoni wazi, niwashe draya ya nywele nikianzia upande wa koki, nirudi polepole kuelekea ukutani, ili kinachoyeyuka kipate pa kutokea. Moto wa aina yoyote marufuku. Nyumba za huku ni mbao tupu, na mtu akiwasha moto wa gesi kwenye bomba lililo ukutani anaweza kuchoma nyumba nzima. Nilipiga magoti pale mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yalianza kama jasho, yakatema mate, halafu yakafunguka. Watoto walishangilia kama wamemwona babu yao.

Jirani wa chini, bibi mmoja anayeishi peke yake, hakubahatika. Bomba lake lilikuwa limepasuka usiku, lakini halikutoa hata tone kwa sababu barafu yenyewe ndiyo iliyoziba ufa. Ilipoyeyuka, maji yakamwagika nyuma ya makabati yake yote. Nikakimbia kufunga koki kuu, na nyumba nzima ikakaa bila maji mpaka fundi alipokuja kesho yake.

Mama, hapo ndipo ndoo zako zilipofanya kazi. Tangu nimefika nchi hii silali bila ndoo zenye mifuniko na dumu la maji ya kunywa, na watu wamekuwa wakiniuliza ya nini wakati koki haikauki. Bibi yule alipata maji ya kunywa, ya dawa zake na ya chooni. Nilimweleza kwamba nimezaliwa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado mama yangu hakulala kabla vyombo havijajaa. Alinishika mkono, akauliza jina lako.

Baba, maziwa ya huku nayo yameganda. Watu wanatoboa barafu, wanaweka kibanda juu yake na kukaa ndani na ndoano. Barafu huelea, na chini kabisa ziwani maji yanabaki kama nyuzi 4 juu ya sifuri, kwa hiyo samaki wanaishi. Ikifika unene wa sentimita 10 mtu anatembea juu yake, na ikikaribia 30 au kuzidi wanapitisha hata gari. Nimekanyaga hatua chache nikageuka. Mvuvi wa Kirumba angetaka kwanza kuona mtumbwi.

Jambo moja nawaomba mlisikilize. Siku ile moja nilipobeba ndoo kutoka kwa jirani wa mtaa wa pili, kwenye barabara tambarare, mgongo uliniuma. Wewe Mama unapandisha Bugarika, kwenye yale mawe, kila mgao unapokuja, na umri huo. Siwezi tena kukaa kimya. Nimetuma fedha za simtanki la lita 1,000. Mdogo wangu, usilipachike juu ya banda la bati. Jenga msingi wa zege juu ya lile jiwe la nyuma ya nyumba, usawa wa dirisha, ili maji yashuke yenyewe hadi jikoni. Koki yake iwe juu kiasi cha kuingiza ndoo bila Mama kuinama. Bomba linalopita nje lifukie, kwa sababu ya jua na ya mbuzi. Fedha zisipotosha, niambie kabla hujaanza, usipunguze saruji.

Msalimieni Shangazi na majirani wote.

Mtoto wenu.