Kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku: usikimbilie kikubwa

Wateja wengi wakifika dukani kuulizia kisu cha kukunja macho yanaenda moja kwa moja kwenye kile kikubwa cheusi cha kikomando, chenye meno nusu na matundu kibao kwenye bapa. Sawa, hela ni yako, ila kabla hatujakitoa kwenye boksi huwa tunauliza kwanza: unaenda kukata nini? Majibu ni yaleyale siku zote, kufungua maboksi ya mzigo, kukata kamba na viroba, kumenya chungwa au embe njiani, kuchuna waya kidogo, kukata mpira wa kufungia mzigo kwenye bodaboda. Kazi zote hizo bapa la sentimita 6 mpaka 8 linatosha na linabaki, ukizidisha hapo unabeba chuma kinachokutoboa mfuko wa suruali na kinachofanya watu wasogee pembeni ukikitoa ofisini kufungua bahasha. Yale meno nayo ni shida, yanakata kamba vizuri kweli lakini yakifa makali kwa jiwe la kawaida huyanoi, na kumenyea tunda ndo kabisa usahau.

Sasa cha kuangalia zaidi ya vyote ni loki, yaani kile kinachozuia bapa lisijifunge ukiwa unakata, hapa tukae kidogo.

Kuna visu havina loki kabisa, bapa linashikiliwa na springi ya mgongoni tu, ukilisukuma kwa nguvu linajifunga. Vile vyekundu vya Uswisi vya Victorinox vingi viko hivyo, hata kile kidogo cha milimita 58 cha kuweka kwenye funguo, na kwa mtu wa ofisini au mama anayetaka kitu cha kwenye pochi hicho ndo tunampa, kina mkasi na tupa ya kucha humohumo. Ila kama utakuwa unakandamiza, unakata mpira au unatoboa plastiki ngumu, chukua chenye loki. Kuna cha kibati kinachosogea ndani ya mpini na kuja kukaa nyuma ya bapa, kuna cha kubonyeza mgongoni, na kuna cha pete ya kuzungusha, ile ya Opinel ya Ufaransa iliyoanza 1955 na ni rahisi mpaka raha, ukizungusha bapa halitoki wala halirudi.

Loki usiamini maneno ya muuzaji, hata sisi tukiwemo, ijaribu hapohapo kaunta. Fungua kisu taratibu mpaka usikie kimekaa. Shika mpini mkono mmoja, mgongo wa bapa ushike kwa vidole vya mkono wa pili, kitikise juu chini af kushoto kulia. Kikicheza juu chini loki haijakaa, rudisha. Kikicheza kushoto kulia kidogo inawezekana ni skrubu ya kwenye ungio tu imelegea, hiyo tunaikaza mbele yako kwa bisibisi ndogo ya nyota, ila ikikazwa mpaka bapa halicheziki na kisu hakifunguki tena kwa ulaini ujue kimechongwa vibaya. Halafu vidole vikiwa nje kabisa ya njia ya makali, bonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, polepole, usigonge. Kikijifunga usikinunue hata ukiambiwa nusu bei. Mwisho kifunge ukiangalie kwa juu, bapa liwe katikati ya mpini, likiegemea upande makali yanasugua bati kila ukifungua na kufunga, wiki mbili tu ushaanza kulalamika kisu hakikati.

Chuma. Hapa ndo mtu wa Dar, Tanga au Zanzibar asichague kama mtu wa Iringa, hewa yetu ina chumvi na jasho la mfukoni nalo lina chumvi. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka na kinakuwa kikali kupita kiasi lakini ukikata embe au limao bila kufuta kinakuwa cheusi, ukikisahau usiku mmoja kutu imeshaanza. Kuna watu wanakuja na jina D2 wamelisoma mtandaoni, ni chuma kigumu kweli kinachokaa na makali muda mrefu, kina kromiamu kama asilimia 12, ila kaboni yake ni nyingi hivyo sehemu kubwa ya hiyo kromiamu inashikana nayo, inayobaki kuzuia kutu ni ndogo. Mvuvi wa Feri hatumshauri. Chuma kama 12C27 cha Sweden kina kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu 13.5, sio kigumu sana, utanoa mara kwa mara, lakini kwa pwani kinaishi. Opinel anatoa vya kaboni na vya stenlesi kwahiyo soma maandishi kwenye bapa kabla hujalipa. Na mpini wake ni mti, ukilowa unavimba, bapa linagoma kutoka mpaka ukauke, sio kibovu hicho jamani, acha kukirudisha na maneno makali.

Feki zipo nyingi mno. Opinel ina alama ya mkono wenye taji imegongwa kwenye bapa, Victorinox jina linakuwa limegongwa chini ya bapa karibu na ungio, likiwa limechapwa kwa rangi inayofutika na kucha ushajua.

Safari nayo: ukipanda ndege kisu kinaingia kwenye begi linaloenda chini, sio la mkononi, watakichukua pale kwenye mashine na hakuna kubembeleza, na kwenye treni ya SGR pia mizigo inapita kwenye mashine kwahiyo ulizia mapema. Wanaomnunulia zawadi ndugu aliyeko Uingereza, kule cha kutembea nacho bila sababu maalumu ni cha kukunja kisicho na loki na makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Vya kufyatuka kwa kitufe kule vimepigwa marufuku tangu 1959, na hapa dukani pia hatuuzi, vinavutia matatizo kuliko kazi.

Kunoa usimpe fundi wa jiwe la baiskeli. Wako vizuri kwenye visu vya jikoni na mapanga ila bapa dogo jembamba likishika moto pale linabadilika rangi kwenye ncha, ukiona hivyo ugumu umeondoka na makali hayakai tena. Jiwe la maji la pande mbili, digrii 20 hivi kila upande, mkono mwepesi, linatosha. Tone la mafuta ya cherehani kwenye ungio, toa vumbi la mfukoni kwa mswaki wa zamani.

Ukinunua kwetu kunoa mara ya kwanza ni bure. Kama unacho tayari ulichonunua kwingine na kinacheza, kilete tu, kukaza skrubu na kusafisha tunafanya ukisubiri, ila kibati cha loki kikiwa kimeshalika hatukigusi, tutakwambia ukweli uanze kutafuta kingine.