Mwanangu, nimeitazama ile picha

Mwanangu,

Ile picha ya wala viazi uliyonitumia, ya mchoraji Van Gogh, nimeitazama mpaka simu ikazima. Ulipoandika "Baba, hawa ni sisi" nilikasirika kidogo, maana kwetu hakuna mwenye pua kama zile. Kisha nikaiangalia mikono. Unasema Van Gogh alimwandikia ndugu yake Theo kwamba alitaka ionekane wazi: mikono inayochota chakula kwenye sahani ndiyo hiyo hiyo iliyochimba shamba. Hapo sina ubishi. Vifundo vile vilivyovimba ninavyo mimi, na nyanyako alikuwa navyo. Rangi nayo ameipatia, ni ya kiazi chenye vumbi kabla hakijamenywa. Ni Uholanzi, mwaka 1885, lakini mtu wa kwetu Molo, mkulima wa viazi, hahitaji kuelezwa.

Wewe umeona upendo. Mimi nimeona watu watano chini ya taa moja, na hakuna macho yanayokutana. Msichana wa kushoto anamtazama jamaa aliye kando yake, jamaa anatazama kwingine. Mama anamimina kahawa, macho kwenye vikombe. Na yule mtoto aliyetupa mgongo, mvuke wa viazi umemzunguka, ndiye aliyeninyima usingizi. Analia? Anacheka? Ameshiba? Huwezi kujua.

Ndiyo maana nakuomba, ukifika huko Uholanzi unakoenda kusoma usiniandikie "niko sawa". Neno hilo ni mgongo. Niandikie umekula nini, na umekula na nani.

Najivunia wewe, nimewaambia watu wote wa sokoni, hata wasioniuliza. Lakini likizo iliyopita ulikuwa unabeba sahani yako unaenda kulia chumbani, na mama yako akaosha vyombo bila kusema neno. Anasema hata mimi hula macho yakiwa kwenye taarifa ya saa moja. Hayo tutayazungumza siku nyingine.

Nasikia picha yenyewe iko Amsterdam. Nenda ukaione, usogee karibu kadiri askari watakavyokuruhusu, kisha unipigie uniambie kama yule mtoto ana chochote mkononi. Kwenye simu yangu haonekani vizuri. Na usiende peke yako. Tafuta hata mwenzako mmoja wa darasani, mle pamoja mkitoka. Nimesema tena, najua.

Viazi vya shangi tumeng'oa nusu. Dalali alikuja na lumbesa, yale magunia marefu ya kujazwa kupita kipimo, nikamrudisha na lori lake likiwa tupu. Mama yako hakufurahi kwa sababu stoo inavuja upande wa kaskazini na mvua imeshaanza. Gamboti zako amechukua mdogo wako, usimgombeze. Pasipoti usiiweke kwenye begi la nguo.

Ijumaa ukija, pitia Nakuru uninunulie magunia ishirini ya kilo 50, si yale marefu. Pesa nitakurudishia.

Baba yako