Mbuga ya Hell's Gate iitwe Ol Njorowa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu mbuga ya kitaifa ya Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu, hapa Naivasha. Ibadilishwe jina, iitwe Ol Njorowa. Jina hilo la Kimaasai si geni kwa yeyote aliyefika huko, maana ndilo la korongo linalovuta wageni wengi.

Ukiingia mbugani kwa baiskeli Jumamosi, unapokewa na lango la Elsa. Elsa alikuwa simba. Alilelewa upande wa Isiolo na kuzikwa Meru, lakini kwa kuwa mlezi wake, Joy Adamson, aliishi kando ya Ziwa Naivasha, naye amepata lango. Mbele kidogo kuna mwamba uliosimama wima, pimbi wakiota jua miguuni pake. Huo ni wa Fischer, Mjerumani aliyefika pande hizi mwaka 1883 akitafuta njia ya kwenda Ziwa Victoria, Wamaasai wakamzuia, akarudi alikotoka. Wamaasai wenyewe wana simulizi lao kuhusu mwamba huo: msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa alikatazwa asigeuke nyuma, akageuka, akawa jiwe. Ramani haimjui msichana huyo. Inamjua mgeni aliyegeuzwa njiani.

Ukishuka korongoni, kijana wa Kimaasai anayekuongoza atakuonyesha mahali panapoitwa Devil's Bedroom, chumba cha kulala cha shetani. Simlaumu, anatafuta riziki. Ila sijui ni jamii gani nyingine nchini tungeiomba itembeze wageni kwenye ardhi ya babu zao na kuwaambia kuwa hapa ni kwa shetani na lango lake ni la jehanamu.

Tena hawa si watu waliopita njia tu. Kwa mkataba wa 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, ili walowezi wapate mashamba. Waliopelekwa Laikipia walihamishwa tena kuanzia 1911, safari hiyo wakapelekwa kusini. Mwaka 1984 eneo hili likatangazwa mbuga. Mvuke wa chini ya ardhi wa Olkaria nao, ulioanza kutoa umeme mwaka 1981, umeendelea kudai ardhi, hata mwaka 2014 familia za Wamaasai zikahamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV. Wamepisha ng'ombe wa mzungu, wamepisha wanyamapori, wamepisha mabomba.

Najua wenye hoteli watasema jina la sasa linauza. Mbona Longonot, hapo jirani tu, inapandwa kila wikendi na jina lake la Kimaasai halijamzuia mtu? Amboseli je? Maasai Mara? Nchi hii imebadilisha majina makubwa kuliko hili. Ziwa Rudolf likawa Turkana mwaka 1975, Ziwa Hannington likawa Bogoria, mji wa Thomson's Falls ukawa Nyahururu, na leo anayeita maziwa hayo au mji huo kwa majina ya zamani ni wa kuhesabika.

Pingamizi zito zaidi litatoka kwa Wamaasai wenyewe: jina halinyweshi ng'ombe. Ni kweli, na kubadilisha jina kusitumiwe kuwanyamazisha wanaodai malisho na maji. Lakini katika yote wanayodai, hili ndilo jepesi kwa serikali. Halihamishi mtu wala halifungi kisima kimoja cha mvuke. Katiba nayo, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili na matumizi yake.

Shirika la Wanyamapori, KWS, liitishe mikutano kwa Wamaasai wa Narasha na Olkaria kabla ya kuchapisha chochote, wazee na akina mama waulizwe. Huenda wakawa na jina wanaloliona linafaa kuliko hili ninalopendekeza, na hapo mimi nitanyamaza. Mashauriano yakiendelea, vibao vya barabarani viandikwe majina yote mawili. Na pale kwenye mwamba pawekwe bango lenye simulizi la msichana, kwa Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza. Fischer anaweza kutajwa chini, kwa herufi ndogo.

Msomaji wako,
Naivasha