Kwako ndugu yangu uliye Winnipeg, Kanada, kuhusu mtihani wako na viatu vyangu

Ndugu yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na mwisho nikaurudia. Umesema hulali. Umesema ukifungua kitabu, macho yanasoma lakini kichwa hakipokei, na ukitoka nje ya bweni ni giza na upepo unakata masikio. Halafu ukaniuliza, kana kwamba jambo hili halijawahi kupita kati yetu: "Kwani wewe ulikuwa unafanyaje, kukimbia na mitihani?"

Nimeamua kukujibu hapa, mbele za watu, maana ni mbele za watu uliponinyamazisha.

Nianze na la haraka, kwa kuwa mtihani wako umekaribia na kinyongo kinaweza kungoja. Kimbia mchana. Huko kwenu Desemba jua huchomoza saa mbili asubuhi imepita na kuzama mnamo saa kumi na nusu. Sisi huku tumezoea jua lisilochelewa mwaka mzima, mtu anaamka nalo na kupanga siku yake. Wewe usilingoje hivyo, litakupita ukiwa darasani. Saa yako ni saa sita au saa saba mchana, wenzako wakienda kula. Nusu saa inatosha. Huo mwanga nao ni sehemu ya dawa, kwa sababu anayekaa gizani kutwa hulala vibaya, na asiyelala hakumbuki alichosoma hata akikariri mpaka alfajiri.

Fulana ya pamba iache kabatini. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na jasho likipoa mgongoni ndipo baridi inapokuingia. Ndani vaa nguo nyembamba ya kitambaa kinachokauka upesi, juu yake sweta jepesi, na juu kabisa jaketi la kuzuia upepo. Ukitoka mlangoni usikie baridi kidogo. Ukisikia joto kabla hujaanza, umevaa kupita kiasi. Glovu zile zinazoweka vidole vyote pamoja zina joto kuliko zile za kila kidole na nyumba yake. Funika masikio, pua na mashavu. Anza ukielekea upepo na urudi nao mgongoni, ili ukishalowa jasho usikutane nao uso kwa uso. Penye barafu fupisha hatua, mguu utue chini ya mwili wako na si mbele. Maji kunywa hata kama huna kiu, kwenye baridi kiu hukudanganya. Na ukirudi, badilisha nguo kabla hujashika simu.

Idara ya hali ya hewa ya Kanada hutoa kipimo cha baridi kikijumlishwa na upepo. Kikishuka hadi -28, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Siku hiyo kimbia ndani, au panda na kushuka ngazi za bweni. Hakuna atakayekusifu kwa kuharibu pua.

Haya nimeyapata kwa yule kocha wa Karura, hapa Nairobi, yule mwenye kofia ya bluu aliyekuwa akikufokea kwa kukanyaga kisigino kwanza. Alisoma Marekani kwa ufadhili wa riadha na majira yale ya baridi ameyaonja. Nilimfuata Jumamosi kwa ajili yako tu. Aliniuliza, "Yule mwenzako bado anakimbia?" Nikamjibu kwamba unakimbia.

Baridi yetu ya Julai unaijua. Haina theluji, lakini alfajiri ni nyuzi 11 au 12, ukungu umeshuka hadi kwenye nyaya za stima, manyunyu hayakomi na nguo zinavunda kwenye kamba. Ndiyo tuliyokimbia nayo mimi na wewe kutoka kwa mjomba, tukashika Rabai Road hadi Jogoo Road, kabla makanga hawajaanza kuita abiria. Nilikuwa nakugongea mlango, unanung'unika, na tukifika kwenye kituo cha mafuta umeshaanza hadithi zako. Tukirudi ni chai ya tangawizi na vitabu mezani. Ulikuwa unasoma vizuri siku hizo. Usikatae, nilikuwa nimekaa kando yako.

Sasa ile Jumapili.

Ulikuwepo, sitakueleza nani alikaa wapi. Mjomba alikuwa ametoka kanisani, anti amepika chapati na ndengu, na mitihani yangu ya mwisho wa semista ilikuwa inaanza wiki ile ile. Mjomba akauliza kwa upole tu, "Masomo vipi?" Sijafungua mdomo, wewe ukadakia: "Huyu anasomea viatu, mjomba. Muulize alama zake."

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Akaniambia nikavilete. Nikavitoa nyuma ya friji, nilikokuwa naviweka vikauke, vimejazwa magazeti, kamba ya kushoto ina fundo pale ilipokatika. Nikaviweka sakafuni mbele ya yule anayenilipia karo. Akavitazama kwa muda, kisha akamwambia anti avifungie kabatini mpaka mitihani iishe. Na wewe, ambaye viatu vyako vilikuwa vimelowa pale pale nyuma ya friji, ubavuni mwa vyangu, ulinyoosha mkono ukamega chapati nyingine.

Ninauona ule mkono hadi leo. Ungesema neno moja tu, "Mjomba, na mimi nakimbia naye," lingenitosha. Wala sikutaka unitetee. Nilitaka usiniache peke yangu pale.

Unajua kilichofuata? Hujui, hukuwahi kuuliza. Kipindi chote cha mitihani nilikuwa naamka saa kumi usiku moyo ukidunda, nalala pale nikihesabu mada nisizozipitia. Karatasi niliyoiogopa zaidi niliifungua mikono ikitetemeka. Nilipita, lakini alama zilishuka, na ziliposhuka mjomba akasema, "Unaona sasa? Viatu." Zilishuka katika semista ambayo miguu yangu haikugusa barabara wakati wa mitihani, na mtu wa kumwambia hivyo alikuwa mmoja tu pale nyumbani. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha dirishani.

Nyumbani wanaamini kukimbia ni kuiba saa za kitabu. Hesabu haiendi hivyo. Nikikimbia nusu saa, saa mbili zinazofuata nasoma kweli. Nisipokimbia nashinda mezani, ukurasa ni ule ule na chai imepoa. Hili nililijua tangu mwaka wa kwanza, na semista zote nilizokimbia alama zangu zinalithibitisha. Yeyote anaweza kuja kuzitazama. Mkimbiaji wetu Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University, Marekani, mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Simsemi Rono ili nijilinganishe naye. Ni mjomba mwenyewe aliyetusimulia habari zake tulipokuwa wadogo, anasimama katikati ya sebule akituonyesha jinsi alivyoruka viunzi. Ningemkumbusha Jumapili ile kama ningeachiwa nafasi ya kusema.

Lakini kuna jambo katika sauti yako lililonitia hofu, na kwa hili naweka mengine yote pembeni. Ulisema umechoka na kila kitu. Hukusema umechoka na masomo.

Unamjua Marko Cheseto, wa kutoka Pokot Magharibi. Alikuwa mwanafunzi na mkimbiaji wa chuo kikuu kule Anchorage, Alaska. Mwaka ule wa 2011 alikuwa amempoteza rafiki yake, mwenzake wa timu, na huzuni ikamlemea. Novemba akatoka kukimbia, akapotelea kwenye theluji zaidi ya siku mbili. Alirudi akiwa hai, lakini baridi ilikuwa imemla miguu na yote miwili ikakatwa. Leo anakimbia kwa miguu ya bandia, na mwaka 2019 alimaliza marathoni ya Boston chini ya saa tatu. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Ila nakutajia habari yake kwa sababu ya ile jioni aliyotoka peke yake akiwa na uzito ule moyoni. Yeye alikuwa mkimbiaji hasa, na kukimbia hakukuubeba mzigo huo.

Kwa hiyo nisikilize. Giza likishaingia usitoke peke yako. Mwambie unayelala naye chumba kimoja unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Simu iweke ndani ya jaketi, karibu na mwili, baridi humaliza betri upesi. Wiki ya mtihani usitafute kasi. Kimbia mwendo ambao ungeweza kupiga nao soga, kama tulivyokuwa tukipiga. Na kesho, kabla ya kukimbia na kabla ya kitabu, nenda kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni umwambie yale uliyoniambia mimi. Usingoje mitihani iishe. Ukitoka kwake nitumie ujumbe, hata iwe usiku wa manane huku. Nitakuwa macho, mimi pia naanza mitihani Jumatatu, na viatu vyangu siku hizi vinakaa chumbani kwangu, havigusi mtu.

Mjomba huniuliza habari zako kila nikienda kula kwao. Namwambia uko salama, anashukuru Mungu, anabadilisha kituo cha redio. Jumapili hii sitamjibu mimi, nitampa simu. Huku itakuwa saa tatu usiku, kwako saa sita mchana. Mwambie kwamba unakimbia wakati wa mitihani. Mwambie nani alikufundisha, na viatu vya pili nyuma ya friji vilikuwa vya nani. Mwambie kwa sauti, nitaweka spika. Anti atakuwepo na watoto wote watakuwepo, kama walivyokuwepo siku ile.