Maneno ya mkopo si hati ya ukoo: tazama Kitagalogi na Kiodia

Kwa Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa asili ya Kiswahili katika ukurasa wa barua, hakosi msomaji wa kuorodhesha kitabu, kalamu, habari na salama, kisha akahitimisha kwamba lugha hii ni Kiarabu kilichovikwa viambishi vya Kibantu. Wanaomjibu nao hujibu kwa hamasa kuliko kwa ushahidi, na haupiti muda mazungumzo huacha nasaba ya lugha yakaingia katika nasaba za watu, jambo ambalo hapa Mombasa halijawahi kumalizika kwa heri. Napendekeza hoja hiyo tuipime mbali na nyumbani, katika lugha mbili ambazo hakuna kati yetu mwenye ushabiki nazo: Kitagalogi cha Ufilipino, na Kiodia, ambacho zamani kikijulikana kama Kioriya, cha jimbo la Odisha, mashariki mwa India.

Anayeanza na kamusi atadhani amekutana na ndugu wawili. Mwalimu ni guru kwa Kiodia na guro kwa Kitagalogi. Uso ni mukha kote kuwili. Tumaini ni asha kule na asa huku. Na dukha, ambalo kwa Kiodia ni huzuni, kwa Kitagalogi ni fukara. Maneno hayo yana chimbuko moja, yaani Kisanskriti, lugha ya kale ya India, lakini hayakupita njia moja. Kiodia kimeyapata ndani ya ukoo wake wa Kihindi-Kiariya, yaani wa lugha za India zilizo jamaa wa Kisanskriti, mengine kwa urithi na mengine kwa kuyachota katika vitabu vya dini na elimu, ilhali Kitagalogi kililetewa na bahari, kupitia Kimalei na Kijava. Bamba la shaba lililopatikana mkoani Laguna, karibu na Manila, mwaka 1989, ambalo tarehe yake inalingana na mwaka 900, limeandikwa kwa Kimalei cha kale chenye maneno mengi ya Kisanskriti. Hata hati ya kale ya Watagalogi, iitwayo baybayin, ambayo ilitumika katika kitabu cha mafundisho ya Kikristo kilichochapwa Manila mwaka 1593, inatokana na hati ya Brahmi ya India, sawa na hati ya Kiodia yenye herufi za duara, zilizopindwa hivyo kwa sababu mstari ulionyooka ungepasua jani la mtende lililokuwa likiandikiwa kwa kalamu ya chuma. Basi hati ni ya mkopo kama neno lilivyo la mkopo, na sisi ambao mababu zetu waliandika tenzi kwa herufi za Kiarabu hatuna sababu ya kulishangaa hilo.

Sasa lugha hizo zihesabu. Kitagalogi kitasema isa, dalawa, tatlo, apat, lima. Kiodia kitasema eka, dui, tini, chari, pancha. Undugu umekwisha hapo. Msomaji wa Mombasa ana bahati ya kuweza kuwasikia jamaa wa kila upande bila kusafiri mbali, kwa kuwa wenye maduka ya leso pale Biashara Street wanaozungumza Kigujarati huhesabu ek, be, tran, char, panch, na mkono kwao ni hath, neno ambalo kwa Kiodia ni hata. Kwa upande wa pili, ng'ambo ya bahari, katika kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini, yaani Madagaska, Wamalagasi huhesabu isa, roa, telo, efatra, dimy. Jiwe ni bato kwa Kitagalogi na vato kwa Kimalagasi, na mbingu ni langit na lanitra.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo, na ndipo wengi wa waandishi wako wa barua wanapopita haraka. Ukoo wa lugha hautambuliwi kwa maneno kufanana tu, bali kwa maneno kutofautiana kwa utaratibu. Penye p katika Kitagalogi, Kimalagasi huweka f: nne ni apat na efatra, saba ni pito na fito, moto ni apoy na afo. Tofauti ya namna hiyo, inayojirudia katika neno hili na lile bila mtu kuipanga, haipatikani kwa kukopa. Mzawa wa Mji wa Kale anaijua tangu utotoni, hata kama hakufundishwa jina lake, kwa sababu husema ndia, ndoo na ndaa pale Muunguja asemapo njia, njoo na njaa, na husema mtele, nti na mato pale mwenzake asemapo mchele, nchi na macho. Hakuna aliyemkopesha mwenzake; wote wamerithi, na kila mmoja amekuza urithi wake kwa njia yake.

Sarufi nayo hutoa ushahidi ambao orodha ya maneno haiwezi kuutoa. Kitagalogi hupasua mzizi na kuingiza kiambishi katikati: kutokana na sulat, mzizi wa kuandika, hupatikana sumulat na sinulat, ambapo sumulat ang guro ng liham huelekeza macho kwa mwalimu aliyeandika barua, na sinulat ng guro ang liham huyaelekeza kwenye barua yenyewe. Kitenzi hutangulia. Kiodia, kinyume chake, hukiweka kitenzi mwisho na kukifunga kwa kiishio: kwa mwalimu wa heshima husemwa lekhile, yaani aliandika, na kwa mtoto au mtu wa rika la chini lekhila. Neno guru liliingia Ufilipino likawa guro, lakini halikubeba kiishio hata kimoja cha kitenzi cha Kihindi.

Nakiri kwamba hata nambari zataka hadhari, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kilikopa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, na Mtagalogi akitaja saa tisa alasiri husema alas-tres, kwa Kihispania. (Kwa mizani ya orodha, meza yetu ya Kireno na mesa yao ya Kihispania zingetosha kutufanya sisi na Wafilipino kuwa watoto wa Ulaya.) Ndiyo maana ushahidi wa aina moja haufai kusimama peke yake.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wasomi tu. Mwaka 1870 mwalimu mmoja Mbengali alichapisha kijitabu akidai kwamba Kiodia si lugha inayojitegemea bali ni tawi la Kibengali, na dai hilo liliandamana na juhudi za kutaka Kibengali kitumike katika shule za Odisha. Tofauti na Kitagalogi, Kibengali ni jamaa wa kweli wa Kiodia. Kosa lilikuwa kumgeuza jamaa kuwa mtoto. Waodia, akiwemo mwandishi Fakir Mohan Senapati, walipinga, na vuguvugu la lugha lililofuata lilizaa jimbo lao tarehe 1 Aprili 1936. Mwaka 2014 serikali ya India ilikiorodhesha Kiodia miongoni mwa lugha za kale zenye hadhi ya pekee.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Barua yoyote ijayo itakayodai kwamba Kiswahili ni mtoto wa lugha fulani, mtake mwandishi wake aambatanishe nambari za mwanzo, majina ya viungo vya mwili na kitenzi kimoja kilichonyambuliwa katika lugha zote mbili, kisha wasomaji waamue. Na kabla hajavuka bahari kwenda kutafuta wazazi, avuke kwanza Nyali aende Kilifi, akawaulize Wagiriama jina la kile ambacho Mmvita hukiita mato na Muunguja hukiita macho. Ataambiwa ni matso. Akiuliza na ndaa, ataambiwa nzala.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Kibokoni, Mombasa.